Mswada wa Kubisha Hodi

Huku Guangzhou, China, watu wananiita Mheshimiwa, na wengi wao hucheka wakishalitamka. Sina gari la serikali wala posho ya kikao. Nina kiti cha plastiki katika chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja wa mtaa wa Dengfeng, ambako wawakilishi wa jumuiya yetu ya Watanzania tunakutana kila Jumapili, baada ya wateja wa chakula cha mchana kuondoka na kabla ya wale wa jioni hawajaingia. Mimi ni mwakilishi wa mtaa wa Sanyuanli. Nilichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na walionichagua walikuwa na haraka ya kurudi madukani.

Baraza lenyewe lilianza kwa mzaha, mzaha ukazeeka ukawa kazi. Mwenyekiti wetu ni mzee wa Kizanzibari anayeuza simu pale pale Dengfeng, na utaratibu wote wa bunge anao kichwani, maana ujanani hakuwa na burudani nyingine ila kusikiliza vikao redioni. Mtu huleta mswada kwa maandishi. Husomwa mara ya kwanza, ukapelekwa kwa wananchi, ukarudi na lawama zao, ukasomwa mara ya pili, tukaujadili na kuupigia kura. Sheria zetu hazimfungi mtu. Asiyezifuata anasemwa, basi, na kwa Waswahili kusemwa ni adhabu tosha.

Kinachonilisha ni uwakala wa mizigo. Nina meza katika ofisi ya kusafirisha shehena, hatua chache kutoka ninapokaa, na kutwa napokea maboksi ya watu wanaotaka yafike Dar kabla ya sikukuu. Uwakilishi naufanya katikati ya hayo. Asubuhi nasoma malalamiko kwenye kundi letu la simu: mwenye nyumba kakataa kumwandikisha mpangaji polisi, mwanafunzi kapoteza pasi, wawili wamegombania kona ya kontena. Alhamisi nakwenda Shiling, nje ya mji, kwa basi kuwasikiliza wanawake wanaonunua mabegi ya ngozi, kwa sababu wao Dengfeng hawafiki, na mwakilishi wa eneo lao alirudi zake Mwanza bila kuaga. Ijumaa baada ya sala nasimama njiani kama muuza kashata, nauliza watu wanaonaje kifungu hiki, na wao wananiuliza dola imefika ngapi.

Kwa hiyo milango ya watu naijua. Najua kengele ipi haifanyi kazi, najua nani anafungua kwa kuchungulia kwanza na nani ana mbwa. Kisha narudi kwangu, napanda ngazi mpaka ghorofa ya sita, nafungua mlango ambao hakuna Mtanzania hata mmoja aliyewahi kuubisha. Sisemi kwamba wananichukia. Mtu wa kukutana naye mgahawani kila Jumapili, na ofisini kila siku, na njiani kila Ijumaa, nyumbani kwake umtafutie nini? Mume nilikuwa naye mmoja, akarudi Tanga, akaoa. Wanangu wamekua. Nilikuwa mpweke, na neno hilo lilinichukua muda mrefu kulikubali, maana kwa makelele ninayopiga mchana hakuna ambaye angeliamini.

Aliyekuwa akilihisi ni mama mdogo.

Yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki sijajua hata kumwita, mdogo wake akanichukua, akanikuza pale Tanga pamoja na mwanawe wa kiume. Nyumbani kwake siku isiyo na hodi ilikuwa siku mbaya. Akipika, lazima aongeze kikombe cha mchele kwa ajili ya mtu asiyejulikana, na mtu huyo daima alikuja. Nilikuwa nampigia kila Jumapili kikao kikiisha, saa kumi kwetu huku, kwao bado asubuhi. Hakuniuliza habari za biashara wala za baridi. Swali lake lilikuwa moja.

"Wiki hii nani kaja kwako?"

Mwanzoni nilikuwa nikijiumauma. Namwambia watu wana shughuli, mji mkubwa, mama. Ananyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kunanitoboa. Jumapili moja nikachoka kunyamaziwa, nikamwambia, "Kaja jirani yangu, dada mmoja wa Lushoto. Kala, kanywa chai."

Alifurahi mno! Jumapili iliyofuata hakuuliza nani kaja, aliuliza, "Yule Msambaa wako hajambo?" Nikalazimika kusema hajambo. Kisha akataka kujua kama ana mtoto. Nikampa mtoto. Mtoto akashikwa na kikohozi, kwa kuwa sikuwa na habari nyingine, na mama mdogo akanielekeza tangawizi na asali, akaniuliza wiki zilizofuata kama kimepungua. Uongo nao unataka kulelewa. Nililea huyo jirani na mwanawe mpaka nikawa nawajua tabia.

Mwisho wa yote mfanyabiashara mmoja akaniletea kifurushi kutoka Tanga. Ndani yake doti ya kanga, mpya, bado ina ile harufu ya dukani, imeandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Mama mdogo akanipigia mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya kwa sababu ya gharama.

"Ya kwako si hiyo, usije ukaivaa," akasema. "Mpe jirani yako. Mwambie namshukuru kwa kuniangalizia mwanangu."

Niliiweka kabatini, chini ya taulo. Kila nilipochukua taulo niliiona, nikaifunika tena.

Ni katika majira hayo nilipokutana na bwana mmoja wa mtaani kwangu. Kazi yake ni kufunga marobota ya nguo kwenye maghala ya Sanyuanli, mtu mzima, si msemaji. Nilimkuta mlangoni pa jengo lake ameshika mkate, hajanyoa.

"Pole na msiba," nikamwambia, maana nilikuwa nimeona kwenye kundi kwamba mama yake amefariki. "Nilikuandikia."

"Niliona, Mheshimiwa. Zote niliziona. Watu wameandika sana, Mungu awabariki." Akaugeuza mkate wake mkononi. "Nilikuwa nazisoma huku nasikiliza ngazi."

"Ngazi?"

"Nasikiliza kama kuna anayepanda."

Nilikuwa mmoja wa waliobonyeza pole na mikono miwili iliyounganishwa, kisha nikarudi kwenye maboksi. Kwetu mtu akifiwa hata adui yake anakuja kukaa mkekani, hata asiposema neno. Huku tulikuwa tumegundua njia ya kuhani bila kuvaa viatu. Nilipanda na yule bwana mpaka chumbani kwake, nikakaa, tukala ule mkate. Usiku huohuo nikaanza kuandika.

Mswada wangu ulikuwa mfupi. Mtu akifiwa, watu wafike kwake kwa miguu yao, wabishe hodi, waingie, wakae. Mwenyekiti aliusoma kwa sauti ya Spika, miwani puani, kisha akaurusha kwa wajumbe.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwakilishi wa wanafunzi, kijana wa Mbeya anayesomea uzamivu wa mambo ya maji. Sisi tulikuwa tumeshampa udaktari kabla chuo hakijampa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo. Hapa pameandikwa 'akifiwa na ndugu wa karibu.' Karibu ni wapi? Baba, mama, mtoto, sawa. Mama mdogo je? Binamu? Tukienda hivyo hatutasoma, hatutauza, kila siku tuko msibani."

"Binamu kwetu mtu anamuoa," akasema Mwenyekiti. "Atakuwaje wa mbali?"

"Kwenu, Mzee. Kwetu huyo ni dada yako na ukimwoa tunakutenga."

Wakatoka kabisa kwenye hoja, wakaingia kwenye utani wa nani anaoa nani, mpaka nikagonga meza. Nikawaambia waandike kwamba ajuaye ukaribu ni aliyefiwa. Akisema ni wa karibu, ni wa karibu. Daktari akatikisa kichwa, lakini akaandika.

Kifungu cha pili ndicho nilichokipenda. Kilisema tangazo litaje jengo, ghorofa na saa, lakini lisitaje jina la mfiwa.

"Sasa hii nayo ni ya nini?" Mwenyekiti akauliza. "Tumwendee mtu hatumjui?"

"Waheshimiwa, tunajijua," nikasema. "Nikiandika fulani kafiwa, kila mtu atatuma pole yake hapo hapo alipo, atarudi kwa laoban wake, mwenye duka, kubishana bei. Lakini nikiandika kuna msiba, mtaa fulani, mlango fulani, halafu nikanyamaza? Mswahili gani atatulia bila kujua ni nani?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua kofia. "Bibie, umetujua ndani nje!"

Ugomvi wenyewe ukaja kwenye kifungu cha tatu. Nilikuwa nimeandika kwamba aliyefiwa amwambie mwakilishi wa eneo lake peke yake, na mwakilishi ndiye atangaze na kuwaongoza watu mpaka mlangoni. Mwenyekiti aliona ninajiongezea ukubwa.

"Wahenga wamesema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Simu anayo mkononi. Kwa nini asitangaze mwenyewe?"

"Kulia aanze yeye, Mzee. Kutangaza ni kazi yetu. Umewahi kumwona mfiwa anapita nyumba hadi nyumba anasema njooni kwangu?"

Akafikiri. Alijua kwamba sivyo. Kwetu sote, bara na pwani, mfiwa huketi, na watu wengine ndio huvaa kandambili wakapeleka habari. Kumfanya mfiwa aombe watu ni kumfanya ombaomba, na mtu mwenye haya atakaa na kifo chake kimya kuliko kuomba. Mwenyekiti akasema nimeshinda. Daktari akataka kujua kama mwakilishi amesafiri itakuwaje, au simu yake imezimika, nasi tukaongeza kwamba mwakilishi wa eneo jirani atakaimu. Tukaongeza pia kwamba mlinzi wa jengo aambiwe mapema, viatu visizibe korido, na watu wasiulizane bei ya kontena msibani. Hapo Mwenyekiti aliinamisha macho, maana mkosaji mkuu ni yeye.

"Nadhani waliosema ndiyo wameshinda," akatangaza, akagonga kijiko kwenye glasi.

Sheria ilianza kufanya kazi Shiling. Mmoja wa wale wanawake wa mabegi, mwenyeji wa Dar, mcheshi, anayeweza kumshusha bei Mchina mpaka Mchina mwenyewe akacheka, alinipigia akasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake amefariki. Nikatangaza kama tulivyopitisha. Udaku ukafanya kazi yake: wengine wakaja kwa basi, wengine wakachanga gari. Nikatangulia mbele, nikagonga, nikasema hodi mara tatu. Alipofungua akatuona tumejaa kwenye ngazi, alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

Tulikaa juu ya maboksi ya mabegi yaliyosubiri kusafirishwa. Chini ya chumba chake kuna karakana, na mwenye karakana, mama wa Kichina, alipanda kuja kuona viatu vyote vile ni vya nini. Akashuka, akarudi na chupa ya maji ya moto, akasimama mlangoni asijue aingie au asiingie.

"Laoban, lai, lai," yule mfiwa akamwambia, njoo, njoo, huku anapangusa macho. "Huyu kutwa ananiambia meiyou, hakuna, leo kaniletea maji."

Mama yule aliingia, akakaa nasi bila kuelewa neno. Nilijisikia nimefanya kitu duniani. Tulipokuwa tunaaga, mwenyeji wetu alinishika mkono.

"Na mimi nitakuja kwako, Mheshimiwa. Unakaa wapi?"

"Sanyuanli."

"Sanyuanli ipi? Jengo gani?"

"Nyuma nyuma huko, ukishatoka kwenye metro," nikasema, kisha nikageukia wenzangu nikawahimiza kuhusu basi.

Sijui niite nini jambo hilo. Kiburi kilikuwepo, lakini zaidi ilikuwa hofu. Niliogopa aje mara moja, aone chumba chenye kiti kimoja na maboksi ya watu, asirudi tena. Asiyewahi kuja unaweza kumngoja, lakini aliyekuja mara moja akaacha humngojei tena.

Msiba wangu ulinifikia Jumamosi mchana, nikiwa mezani ofisini. Mtoto wa mama mdogo, ambaye mimi namwita mdogo wangu, alipiga simu, na kabla hajasema nilisikia nyuma yake watu, watu wengi, viti vinaburutwa, mtu anaita aletewe maji. Nikajua nyumba ile imejaa kwa sababu gani. Mama mdogo ameamka, kasali alfajiri, kajilaza kidogo, basi.

"Tunamzika leo leo alasiri," akasema. "Usijisumbue, dada. Hutawahi."

Bosi wa ofisi, Mchina mpole, akaniuliza kuhusu mzigo wa vigae. Nikamwambia meiyou, hakuna, ingawa mzigo ulikuwa mbele ya macho yetu wote wawili. Nikachukua mkoba, nikatembea mpaka nyumbani, nikapanda ngazi zangu.

Nikakaa. Nikavua saa, sijui kwa nini. Kisha nikashika simu, kwa mazoea kabisa, ili nifanye kile nilichowafundisha watu wafanye: nimjulishe mwakilishi wa Sanyuanli. Mwakilishi wa Sanyuanli ni mimi.

Kinyozi hajinyoi. Katika vikao vyote tulimfikiria mwakilishi akisafiri, tukamfikiria simu yake ikizimika. Kwamba naye ana watu ambao wanaweza kufa, halikumjia mtu akilini, na mimi niliyeandika nilikuwa wa kwanza kutolifikiri, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuwa upande wa nje wa mlango. Ningeweza kumpigia Mwenyekiti. Niliitafuta namba yake, nikaitazama, nikaiacha. Ningemwambia nini? Njooni kwangu? Maneno niliyoyaita ya ombaomba mbele ya baraza zima, leo niyaseme mimi?

Jioni ile nilimlilia mama mdogo kimya kimya, mdomo kwenye mto, ili jirani wa Kichina asigonge ukuta. Na nilipochoka kulia nikajikuta nimenyamaza kabisa, nimekaa wima kitandani, nasikiliza ngazi. Watu walipanda. Walifika ghorofa ya nne, ya tano. Mmoja alifika ya sita, akapita, akafungua kwake. Nilimkumbuka yule bwana wa marobota na mkate wake, nikaona kwamba nilikuwa nimemwandikia sheria bila kumwelewa.

Asubuhi ya Jumapili nikatangaza. Niliandika kama ninavyoandika kila mara: kuna msiba Sanyuanli, mwenzetu amefiwa na mama, jengo ni lile la rangi ya kijivu nyuma ya ghala la mikanda, ghorofa ya sita, mlango wa kulia, saa nane mchana, kikao cha leo kimeahirishwa. Niliandika mama, si mama mdogo. Ajuaye ukaribu ni aliyefiwa. Hakukuwa na neno la uongo hata moja mle, na bado nilibonyeza kutuma kama mtu anayeiba.

Simu ikaanza kulia. Poleni. Inna lillahi. Ni nani? Mheshimiwa, ni nani huyo? Yule mwanamke wa Shiling akaandika kwamba anatafuta gari. Daktari akauliza, "Tukutane metro utuongoze?"

"Tangulieni," nikamjibu. "Mtanikuta."

Nikayasukuma maboksi ukutani, nikafagia, nikatandika busati na juu yake shuka mbili. Nikaosha mchele, nikaubandika, kisha nikakumbuka kwamba mfiwa hapiki, nikauepua. Sikujua cha kufanya na mikono. Nikaenda kumwambia mlinzi wa chini kwamba watakuja rafiki zangu, pengyou, wengi, na alinitazama kwa mshangao kwa sababu hajawahi kunisikia nikilitumia neno hilo. Nikarudi juu. Nilikuwa na hakika kwamba hawatakuja. Kisha nikawa na hakika kwamba watakuja, na hilo likanitisha zaidi.

Niliisikia kwanza sauti ya Mwenyekiti, mbali chini, akilaumu magoti yake na waliojenga nyumba bila lifti. Nikasikia viatu vingi. Nikasikia Daktari anauliza, "Ya ngapi hii?" na mtu akamjibu ya tano, bado moja. Kisha vikasimama.

"Hodi!"

Katika korido ile, nyumbani kwangu, neno hilo halikuwahi kusikika. Wakalirudia. "Hodi jamani, wenyewe!"

Nikafungua.

"Si niliwaambia?" Mwenyekiti akawageukia wenziwe, anahema. "Niliwaambia Mheshimiwa ameshafika, huyu hachelewi." Akavua viatu, akanipita, akaingia ndani kwa adabu zote za mtu anayeingia msibani, akatazama busati, akatazama jikoni. "Mfiwa yuko wapi, bibie?"

Walikuwa wakiendelea kuingia, kila mmoja ananipa mkono haraka haraka kama anampa mtu wa mapokezi, macho yao yanamtafuta mwenye msiba nyuma yangu. Aliyeona alikuwa yule bwana wa marobota. Alisimama kizingitini, akatazama ndara zangu pale mlangoni, jozi moja, za kike, kisha akanitazama usoni. Hakuniambia pole. Alinishika kiwiko, akanitembeza taratibu mpaka kwenye busati, akaniketisha mahali pa mfiwa, ukutani, kisha akakaa kando yangu.

"Ni kwake hapa," akawaambia wengine.

Waliokuwa bado wakiingia wakasimama mlangoni.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mama yangu. Mama mdogo. Amezikwa jana." Nikageuka kwa Mwenyekiti, kwa sababu nilihisi nimevunja sheria yangu mwenyewe. "Sikuwa na mtu wa kumwambia, Mzee."

Mwenyekiti alikuja akachuchumaa mbele yangu, magoti yake yakalia. Yule mzee wa utani, mtu wa miongozo na taarifa, machozi yalikuwa yamemjaa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Anza wewe. Wa mbali tumeshaingia."

Nikalia kwa sauti. Jirani akagonga ukuta, nikaendelea kulia, na Daktari akatoka kwenda kumweleza kwa Kichina chake cha chuoni. Mtu akaingia jikoni akaubandika tena ule mchele. Watu walikaa mpaka mlangoni. Walisoma dua, na wale ambao si Waislamu waliinamisha vichwa nasi. Hakuna aliyeuliza bei ya kontena.

Mwanamke wa Shiling alifika mwisho, kwa gari la kukodi, jasho tupu, amevaa suruali ya kazini iliyoingia gundi ya ngozi. "Nyuma nyuma huko," akaniambia, analia na kunigombeza kwa pamoja. "Ndiyo huku nyuma nyuma?" Akataka kukaa nami busatini, akaona aibu, akaniuliza kama nina kitu cha kujifunga. Nikamwelekeza kabatini, chini ya taulo. Akarudi amejifunga ile kanga, kipande kimoja kiunoni na cha pili kichwani, akakaa akaniegemea, akaninyoosha miguu yangu iliyokuwa imekufa ganzi.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kuna wakati nilitazama nje nikaona kivuli cha jengo la mbele kimefika dirishani, nikajua ni saa kumi, na mkono wangu ukaifuata simu wenyewe. Nilishaifungua. Nilishaipata namba. Nilitaka kumwambia mama mdogo kwamba jirani amekuja, na kanga imemtosha.